Amana Iliyo Katika Mkanda

Mazungumzo yangu ya leo yahusu kazi moja ya mafundi ambayo vijana wengi wa zama hizi hawakuwahi kuiona ikifanywa, nayo ni kazi ya kuzitoa picha za video katika faili la kompyuta na kuzihamishia katika mkanda. Nimeichagua kwa sababu mbili: ya kwanza ni ustadi uliokuwamo ndani yake, ambao wastahili kuelezwa maadamu walioujua wangali hai, na ya pili ni kwamba matunda ya kazi hiyo yamo makabatini mwetu hadi leo, ni amana za aila zetu, na amana hizo zinaharibika.

Mkanda wa video uliofaa kwa kazi za stesheni ulionyeshwa hadharani mwezi wa Aprili mwaka 1956, mjini Chicago, Marekani, na kampuni ya Ampex, iliyowaletea wakuu wa televisheni mashine kubwa yenye kutumia utepe wa upana wa inchi 2. Kabla ya hapo, stesheni iliyotaka kuhifadhi kipindi chake ililazimika kuielekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha televisheni na kukipiga upya kwa filamu, kazi ya gharama nyingi na matokeo hafifu. Ikapita miaka 20, na mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ikatoa mfumo wa VHS, ambao utepe wake ni wa nusu inchi tu, umefungiwa ndani ya kasha la plastiki, na mtu yeyote, asiye na elimu ya ufundi hata kidogo, aweza kuutia katika deki na kutazama. Mfumo huo ulishindana na Betamax ya Sony, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, ukaishinda, na kwa muda mrefu ukawa ndio hazina ya picha za nyumbani karibu dunia nzima. Kwetu Afrika Mashariki ulikuja na hadhi ya pekee. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na Zanzibar ikapata yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, kwa hiyo zilikuwako nyumba za mijini ambamo deki iliingia kabla stesheni yoyote haijaanza kurusha picha, na mkanda ndio uliokuwa televisheni yenyewe.

Katika siku hizo mpiga video wa harusi aliyetaka kuhariri kazi yake aliweka deki mbili ubavu kwa ubavu, moja ikicheza na moja ikirekodi, na kila picha ilipotoka mkanda huu kwenda mkanda ule ilipungua nuru na ukali, hata katika nakala ya tatu au ya nne sura za watu zikawa na ukungu na nyekundu ya mavazi ikatapakaa nje ya mipaka yake. Kompyuta iliondoa udhia huo, kwa kuwa ndani yake picha huwa ni hesabu, na hesabu hunakiliwa mara mia bila kupotea tarakimu moja. Ulipotoka mfumo wa kidijitali wa DV mwaka 1995, na kamera zikaungwa na kompyuta kwa waya mmoja mwembamba, fundi mmoja katika chumba kimoja cha Kariakoo au cha Mombasa aliweza kukata, kuunga, kutia majina na kupanga nyimbo, mambo ambayo zamani yalitaka studio nzima na kundi la watu.

Walakini mwenye kompyuta alikuwa fundi. Bwana harusi hakuwa nayo, wala mama wa bibi harusi, wala shangazi aliyebaki Tanga, wala jamaa waliokuwa Maskati na Dubai wakingoja kuiona harusi ambayo hawakuweza kuihudhuria. Hao wote walikuwa na deki, na kwa aila hiyo picha iliyobaki ndani ya kompyuta ya fundi ilikuwa sawa na picha ambayo haikupigwa. Ndipo ikalazimu kazi iliyomalizika kwa chombo kipya irudishwe katika chombo cha zamani, ili imfikie mwenyewe kwa njia aliyo nayo. Mimi naitazama kazi hiyo kuwa ilikuwa ya adabu kabla ya kuwa ya ufundi, maana aliyejaliwa chombo bora humwendea aliye na chombo duni hapo alipo, wala hamngoji afike alipo yeye.

Sasa natuangalie jinsi ilivyofanywa, kwani wengi walidhani ni kuunga waya na kubonyeza kitufe, na wakavuna mikanda isiyotazamika. Kioo cha kompyuta huchora picha yake nzima kwa mfululizo, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1960 na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, na ambao ndio uliofuatwa Tanzania, Kenya na Oman, huchora picha 25 kwa kila sekunde, kila picha ina mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo ionekanayo. Na picha hiyo haichorwi kwa mkupuo mmoja, huchorwa kwa nusu mbili, mistari ya witiri katika zamu moja na mistari ya shufwa katika zamu nyingine. Fundi alipaswa kulitengeneza faili lake kwa kaida hiyo, mistari 576 kwenda chini na nukta 720 kwenda upande, na kuhakikisha kwamba nusu zile mbili zinafuatana kwa utaratibu wake, kwa maana mfumo wa DV huanza na nusu ya chini, ilhali mafaili mengine huanza na nusu ya juu. Aliyezipindua nusu hizo alimfanya bibi harusi aingiaye ukumbini aonekane anakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo wa kuumiza macho. Tena mstari mwembamba wa kulala, uliotulia vizuri katika kioo cha kompyuta, ukifika katika televisheni huangukia nusu moja tu ya picha, ukawa waonekana na kutoweka mara 25 kwa sekunde. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa aliinenepesha mistari yake na kuchagua herufi pana zilizoshiba.

Deki nayo ilikuwa na sharti zake. Ndani ya deki ya VHS imo silinda ndogo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, imebeba vichwa viwili vya sumaku, nayo huzunguka mara 25 kwa sekunde katika mfumo wa PAL, kila kichwa kikiandika nusu moja ya picha kwa mstari wa mshazari juu ya utepe. Utepe wenyewe watembea polepole, milimita 23 na ushei kwa sekunde, lakini kwa sababu ya mzunguko wa silinda vichwa hupita juu yake kwa mwendo ukaribiao mita 5 kwa sekunde. Lau waliobuni wangeuacha mkanda ukimbie kwa mwendo huo mbele ya kichwa kilichosimama, saa 3 za picha zingehitaji utepe wa zaidi ya kilomita 50. Kwa hikima ya kuzungusha vichwa na kuandika mshazari, saa hizo 3 zikaingia katika utepe wa mita kama 250, ndani ya kasha la kushikwa kwa mkono mmoja.

Hikima hiyo ilikuwa na gharama yake. Mkanda wa VHS hauwezi kubeba yote yaliyomo katika faili: katika upana wa picha hubeba mistari kama 240 tu ya utambuzi, na rangi hupewa nafasi ndogo zaidi kuliko nuru. Fundi alifanana na mtu amiminaye maji ya mtungi katika kikombe, nacho kikombe hakikosi kujaa, ila yampasa ajue mapema ni maji yapi yatakayomwagika. Maandishi madogo humwagika. Nakshi nyembamba za kanga na darizi za kanzu humwagika. Nyekundu kali huvuja pembeni mwa mipaka yake, basi aliyeandika majina ya maharusi kwa nyekundu juu ya buluu aliyapoteza, na aliyeyaandika kwa rangi ya maziwa juu ya giza aliyaokoa. Hata weupe ulikuwa na mpaka: kompyuta huhesabu nuru kutoka 0 hadi 255, na video ya kidijitali kutoka 16 hadi 235, kwa hiyo weupe uliovuka mpaka ulipofika katika televisheni uliweza kuyeyusha sura na hata kutia mvumo katika sauti. Isitoshe, televisheni za zamani zilificha kingo za picha nyuma ya fremu zake, na fundi aliyesogeza majina hadi pembeni alikuta nusu ya jina la baba wa bibi harusi imemezwa. Ndiyo maana kaida ya mafundi ilikuwa kuacha sehemu 1 kwa 10 kila upande bila maandishi.

Njia za kuitoa picha zilikuwa tatu kwa aghalabu. Ya kwanza ni kompyuta yenye kadi ya picha iliyo na tundu la televisheni, nayo ilikuwa nyepesi, walakini picha yake ilitegemea ubora wa kadi. Ya pili ni kisanduku cha kugeuzia, kilichochukua mawimbi ya kioo cha kompyuta na kuyafanya mawimbi ya televisheni. Ya tatu, ambayo mafundi wengi waliisifu, ni kulirudisha faili katika kamera ya DV kwa waya ule ule lililojia, kisha kamera ikaungwa na deki. Maana kamera ilizaliwa na kaida za televisheni, ikazigeuza hesabu kuwa mawimbi kwa usahihi ambao kompyuta nyingi za siku zile hazikuufikia. Na hapo palikuwa na hatari ya sauti, kwa kuwa deki nyingi za nyumbani zilikuwa na tundu moja tu la sauti, ilhali kamera ilitoa mbili, nyeupe na nyekundu. Aliyechomeka nyeupe peke yake, akaiacha nyekundu ikining'inia, aliweza kupata mkanda wenye ngoma na vigelegele lakini usio na neno hata moja la hotuba ya kadhi.

Baada ya hayo yote ulifuata wakati wa kurekodi, nao haukuwa na njia ya mkato. Faili hunakiliwa kwa dakika chache. Mkanda huandikwa kwa muda ule ule wa tukio, harusi ya saa 3 kwa saa 3, na fundi hana budi kukaa macho. Kompyuta iliyoelemewa huruka picha, na mruko huo huandikwa. Pazia la kioo lijitokezalo kompyuta ikiachwa bila kuguswa, nalo huandikwa. Umeme ukikatika katika saa ya tatu, kazi yote huanzwa upya. Na wasikilizaji wa Tanzania waukumbukao mgao wa umeme wa mwaka 2006 watajua nasema nini. Fundi mwaminifu alisafisha vichwa vya deki kabla ya kuanza, alitumia mkanda mpya, alirekodi kwa mwendo wa kawaida na kuuepuka mwendo wa polepole ambao huongeza saa na kupunguza ubora, aliutazama mkanda ulipokwisha, na mwisho alikivunja kile kijipande cha plastiki kilicho nyuma ya kasha, ili asije mtoto akarekodi mpira juu ya nikahi ya wazazi wake.

Na iwapo mkanda ulikuwa wa kusafiri, sharti liliongezeka jingine. Jamaa wa Maskati aliutia katika deki yake ukacheza, kwa kuwa Oman nayo ilifuata PAL. Lakini jamaa wa Toronto au wa Washington aliona mistari na mtikisiko tu, kwani Kanada na Marekani zilifuata mfumo wa NTSC wenye mistari 525 na picha takriban 30 kwa sekunde, wakati Ufaransa ilishika SECAM, na majirani zetu Burundi na Kongo wameandikwa katika majedwali ya mafundi kuwa upande huo wa SECAM. Fundi aliyemwuliza mteja wake mkanda huu unakwenda nchi gani alikuwa ameifanya nusu ya kazi kabla hajaigusa kompyuta.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili tuone kwamba mkanda ulio kabatini kwako umebeba jasho la watu wenye maarifa. Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Saa moja ya picha za DV ilijaza nafasi ya gigabaiti kama 13, na diski za kompyuta za siku zile zilikuwa ndogo na za bei kubwa. Harusi ilipokwisha kutiwa katika mkanda na kukabidhiwa kwa wenyewe, fundi alilifuta faili ili apate mahali pa harusi ya Jumamosi ijayo, na vile vikanda vidogo vya kamera mara nyingi navyo vikatumiwa tena. Hakudhulumu mtu kwa kufanya hivyo, maana kazi alikwisha kuitoa. Lakini matokeo yake ni kwamba ule mkanda wa VHS, uliokuwa nakala hafifu ya faili zuri, ndio uliobaki kuwa asili, na katika nyumba nyingi hauna mwenzake duniani.

Na mkanda huo una adui wanne. Adui wa kwanza ni unyevu, ambao pwani yetu haukosi: utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunywa maji ya hewani, ikalegea na kunata, hata unga ukabanduka na kuganda katika vichwa vya deki. Wa pili ni ukungu, uotao juu ya utepe kama vumbi jeupe. Wa tatu ni joto, lenye kuwahimiza hao wawili. Wa nne hana dawa, naye ni kutoweka kwa deki zenyewe: mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo, na tangu hapo kila deki ifayo haina ya kuirithi. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya kanda za sumaku, wakitaja mwaka 2025 kuwa ndio karibu mwisho wa muda ambao kuzihamisha kungali jambo la wepesi. Mwaka huo haupo mbele yetu tena.

Huenda msikilizaji akauliza kama basi mkanda kwa jumla ni chombo cha kudharauliwa. La, hasha. Hifadhi kubwa za dunia hadi leo huweka mafaili yake ya video katika mikanda ya sumaku ya mfumo wa LTO, ulioanza mwaka 2000, na toleo lake la 9, la mwaka 2021, hubeba terabaiti 18 katika kasha moja. Tofauti ni kwamba mikanda hiyo huandikwa hesabu, na hesabu, kabla mkanda haujachakaa, hunakiliwa katika mkanda mpya bila kupungua. VHS huandikwa mawimbi, na mawimbi hupungua kwa kila mwaka na kwa kila nakala. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni ile ile ya zamani ikirudi kwa njia ile ile: picha zilizotoka katika kompyuta kwenda katika mkanda, sasa zitoke katika mkanda zirudi katika kompyuta.

Na zirudi kwa uangalifu. Mkanda wenye ukungu usitiwe katika deki, kwani utaharibika na kuiharibu deki pamoja na mikanda yote itakayofuata. Upelekwe kwanza kwa fundi ajuaye kuusafisha. Ulio safi upelekwe mbele na kurudishwa nyuma mara moja wote kabla ya kuchezwa. Faili litakalopatikana lisibanwe sana kwa tamaa ya kulipunguza, maana ubora uliobaki ni mchache, wala si wa kutupwa. Liwekwe katika vyombo viwili, katika nyumba mbili tofauti, na liandikwe tarikhi, mahali, na majina ya wanaoonekana, mradi wako hai wanaoyajua; kwa maana faili lisilo na majina, baada ya kizazi kimoja, huwa ni la wageni. Mkanda wenyewe usitupwe, ila usimamishwe wima mahali pakavu, mbali na vipaza sauti na sumaku.

Wasikilizaji wapenzi, makumbusho na nyaraka za taifa zinahifadhi hotuba za viongozi na sherehe za dola, nazo zinafanya vyema. Hazina nafasi ya sauti ya bibi yako akimwaga dua siku ya harusi ya mama yako, wala ya nyimbo za unyago za mtaa wako, wala ya maulidi yaliyosomwa katika ua wa nyumba ambayo sasa imebomolewa. Hayo yamo katika mkanda, na mkanda umo mikononi mwako. Kwa hiyo nawasihi, kila mwenye mkanda autoe kabatini wiki hii, autazame kama una ukungu, amtafute aliye na deki nzima, na agharimie uhamisho wake kabla ya kugharimia simu mpya. Mwaka ujao deki zitakuwa chache kuliko mwaka huu, na mafundi wake pia.